Mama na Gurudumu la Mwingereza

Ninyi wa rika langu mliotapakaa huku Marekani, kuanzia Riverdale Park ninakoishi hadi Arlington ninakofanyia kazi, mtanielewa nikisema kwamba tulikua wakati ambapo kikombe kilikuwa mali. Ilikuwa ile miaka ya uhaba. Sabuni ya mche ilikatwa vipande kwa uzi, sukari ilifika kijijini kama mgeni wa heshima, na mtoto aliyevunja bilauri alijua kabisa kwamba hataiona nyingine mpaka atakapooa. Watoto wetu wa leo wananunua kahawa njiani, wanakunywa nusu, wanatupa kikombe na kahawa yenyewe. Nikimweleza binti yangu Neema kwamba nyumbani kwetu watoto saba tulipokezana vikombe viwili vya bati, ananitazama kana kwamba namsimulia habari za safina ya Nuhu.

Kwetu ni Upare, juu milimani, mahali ambapo ukungu wa asubuhi hukufuata mpaka ndani ya darasa. Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Bibi, yaani mama yake baba, alikuwa mfinyanzi kabla yake, na ndiye aliyemfundisha mama kazi hiyo alipokuja kuolewa. Kwetu ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake, nasi wasichana tulikuwa wapagazi wao. Tukitoka shule, tukiwa bado na vumbi la mchakamchaka miguuni, tuliteremka bondeni kuchukua udongo. Tuliufunga kwenye majani ya migomba, tukajitwika, tukapanda mlima huku maji meusi yakitutiririka shingoni hadi mgongoni. Nguo moja ilitosha kuharibika kwa safari moja.

Lakini tulicheza pia. Tulicheza rede mpaka mpira wa soksi ukafumuka, na kombolela mpaka mtu akasahaulika mafichoni. Udongo uliobaki tulifinyangia vyungu vidogo, tukavianika juani, tukapika ndani yake ugali wa mchanga na mboga ya majani ya ukutani. Na jioni tulikula makande. Mahindi na maharage yalikuwa yamechemka taratibu tangu asubuhi ndani ya chungu cha bibi, na harufu yake ilikupokea ukiwa bado kona ya shule. Makande ya sufuria ni chakula, sikatai. Makande ya chungu ni habari nyingine kabisa.

Nilikuwa darasa la nne Mwingereza alipofika. Kanisa lilikuwa limejenga banda refu la mabati jirani na shule, tukaambiwa kwamba humo mtakuwa na kiwanda cha vikombe na sahani, ili tuache kusubiri vitu ambavyo madukani havikuwepo. Mwingereza mwenyewe tulimwita Bwana Artha. Alikuwa mrefu, mwenye masikio mekundu, na Kiswahili alichofundishwa kabla ya kuja kwetu kilikuwa sanifu kumshinda mwalimu mkuu. Akikukanyaga hakusema pole kama watu. Alisimama, akainama kidogo, akasema, "Naomba radhi kwa dhati." Sisi watoto tulikuwa tukimpitia karibu makusudi ili atukanyage.

Alizaliwa Staffordshire, sehemu ya Uingereza ambako kila mtu alikuwa mfinyanzi au mtoto wa mfinyanzi. Alikuja na vyuma vya magurudumu ya kufinyangia, akayaunga kwa mbao za kwetu. Kamati ya kanisa ilimchagulia vijana wanane waliomaliza darasa la saba, wote wanaume. Mama alikuwa na elimu ya darasa la nne. Alivaa kitenge chake kizuri, akaenda bandani kuomba kujifunza. Bwana Artha alimjibu kwa adabu kwamba orodha iliandikwa na kamati, naye hakuwa na uwezo wa kuibadilisha. Mama alirudi nyumbani, akavua kitenge, akaanza chungu kipya. Kesho yake alirudi bandani, akasimama mlangoni akitazama. Na keshokutwa pia. Ikawa ndiyo desturi yake, kila siku akimaliza kazi za nyumbani.

Siku ya kuchoma vyombo vya kwanza shule nzima tulikuwa nje tukitazama moshi. Tanuri la matofali lilipopata moto tukaanza kusikia milio ndani, kama bisi zinazoruka kwenye kikaango. Tulishangilia, tukidhani ndivyo inavyotakiwa. Tanuri lilipofunguliwa, hakuna kikombe kilichotoka kizima. Walirudia mwezi uliofuata, ikawa vilevile. Baadhi ya vijana wakaacha kuja. Kwenye kamati wakaanza kusema udongo wa mlima wetu haufai, na kwamba banda lile lingefaa zaidi kuhifadhia mahindi.

Ndipo Bwana Artha alipokuja nyumbani kwetu na kikapu cha vigae. Nakumbuka mama alikuwa ameinama, akikizunguka chungu kikubwa kinyumenyume, kiganja kimoja ndani na kingine nje, kama walivyofanya wafinyanzi wote wa kwetu. Bibi alimpa mgeni mgongo. Mama aliendelea mpaka alipofika mwisho wa duara, kisha akachukua kigae kimoja kikapuni, akakimega kwa meno, akakitafuna, akatema.

"Umeuondolea mifupa," alisema.

Bwana Artha hakuelewa. Mama akamweleza kwamba udongo wake aliuchuja mpaka ukawa laini kama unga wa ngano, na udongo usio na chembechembe hauna kinachoushika unapokutana na moto. Tena aliuchimba mahali pamoja tu, kando ya mto. Bwana Artha alichuchumaa, masikio yakizidi kuwa mekundu, akamwuliza yeye huchimba wapi na huchanganya vipi. Mama alifuta mikono.

"Nitakuonyesha ninapochimba siku utakayonipisha kwenye kile kiti," alisema.

Mwingereza aliinuka, akajipangusa magoti. Halafu akasema kwamba kiti ni cha mama kuanzia kesho, na kamati atazungumza nayo yeye mwenyewe.

Kamati haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa bibi. Alingoja mgeni aondoke, akamwita mama uani mbele yetu sote. Alisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililotutisha. "Sisi tunakizunguka chungu. Hao wanakaa, wanakizungusha. Ukikaa kwenye kile kiti, usiguse tena udongo wangu."

Mama aliinamisha kichwa kwa heshima. Asubuhi alienda bandani.

Laiti ningeweza kuwaambia kwamba aliweza siku ya kwanza. Hakuweza hata mwezi wa tatu. Mikono iliyofinyanga mitungi ya kubeba maji ya nyumba nzima ilishindwa kutuliza bonge la udongo lisilozidi ngumi. Udongo uliyumba, ukapinda, ukamchomoka. Siku moja bonge liliruka likamkuta mzee mmoja wa kamati kwenye shati lake la Jumapili. Vijana walicheka mpaka wakashika mbavu, na shuleni wenzangu walinitungia wimbo ambao sitauandika hapa. Jioni hiyo nilimsubiri mama njiani, nikamwomba aache. Nilimwambia ananiaibisha. Hakunikaripia.

"Nakunda, mimi sijachoka," aliniambia. "Wewe ukichoka kuniangalia, angalia pembeni."

Baba alikuwa seremala, mtu wa maneno machache. Sikumsikia akimtetea mama wala kumkataza. Ila wiki ileile tulimwona akichonga gogo zito la mviringo, akalitia mhimili, akaliwekea kiti. Lilikuwa gurudumu kama la bandani, la kusukuma kwa mguu. Alilipeleka nyuma ya nyumba, akasimamisha ukuta wa majani ya migomba, akarudi kwenye kazi zake. Basi mama akapata mahali pa kushindwa bila kuchekwa. Kila asubuhi kabla ya kukamua maziwa tulisikia mguu wake ukipiga lile gogo. Kisha kimya. Kisha unaanza tena.

Naye alitimiza ahadi yake. Alimpeleka Bwana Artha bondeni kwenye udongo mweusi, halafu ubavuni mwa mlima kwenye udongo mwekundu wenye changarawe. Mchanganyiko wa mama ulifaa kwa chungu kilichofinyangwa kwa kuzungukwa, lakini kwenye gurudumu ulichubua viganja mpaka damu. Wa Bwana Artha ulifaa kwa gurudumu, ukapasuka motoni. Walijaribu mchanganyiko mmoja baada ya mwingine, mama akihesabu kwa kata za kibuyu na Mwingereza akiandika daftarini.

Siku za Jumapili alikula kwetu. Alipenda makande, na alipokwisha kushiba alitusimulia habari za kwao. Alisema mababu wa mababu zake walikuwa wakulima waliochimba udongo mbele ya milango yao, wengine hata katikati ya barabara, wakafinyanga vyungu vya kuhifadhia siagi. Chini ya ardhi ileile kulikuwa na makaa ya mawe, basi moto haukuwa shida. Wakajifunza kuvipaka vyombo dawa inayogeuka kioo motoni. Wakatafuta udongo mweupe wa mbali, wakachimba mfereji mrefu ili mashua zilete udongo na kuondoka na sahani bila kuzivunja. Yakajengwa matanuri yenye umbo la chupa, marefu kuliko mnara wa kanisa letu, mamia kwa mamia, hata mchana ukawa na giza kwa moshi. Mama yake mwenyewe alianza kuchora maua kwenye vikombe akiwa msichana, na macho yake yaliishia hapo. Baba yake alikohoa vumbi mpaka kaburini.

Alitoa kwenye mfuko wake kikombe cheupe cha kwao, chepesi, ukikiinua juani unaona kivuli cha kidole upande wa pili. Tulipokezana kukishika. Akasema weupe ule hutokana na mifupa ya ng'ombe, ambayo huchomwa, husagwa na kuchanganywa na udongo. Mama alidhani anamtania kwa yale maneno yake ya siku ile. Alipoelewa kwamba ni kweli, alicheka mpaka akalia. Bibi, aliyekuwa ameshakishika, alikirudisha mkekani haraka na kwenda kunawa.

Kisha Mwingereza akasema jambo jingine. Babu yake alifinyanga chombo kizima, tangu udongo hadi moto. Lakini kiwanda kilipokua, kazi iligawanywa ili iende haraka. Baba yake, kwa miaka yake yote, alibandika mikono ya vikombe. Mikono tu.

Bibi alikuwa hajamsemesha mama kwa miezi, na mbele ya Mwingereza hakuwahi kufungua kinywa kabisa. Sasa akauliza akiwa mlangoni, mikono ikichuruzika maji. "Na vikombe vyenyewe alivijua nani?"

"Hakuna, bibi," Bwana Artha alijibu. "Kila mtu alijua kipande chake."

Bibi alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyepewa habari ya msiba wa jirani.

Mchanganyiko ulipopatikana, siku ya kuchoma ikapangwa. Gurudumu lilikuwa limeshamtii mama, naye alikuwa na vikombe ishirini vyake mwenyewe, vimesimama wima. Walipokuwa wanapanga vyombo tanurini, tulimwona bibi akija kwenye njia ya shule amejitwika vyungu viwili vya kupikia. Hakumsalimia mtu. Alimpa mama kimoja kimoja, akamwelekeza viwekwe chini, karibu na moto, kwa kuwa vyake haviogopi. Mama alivipokea kwa mikono miwili. Hawakuzungumzia tena habari ya kiti, jioni ile wala baadaye, lakini kesho yake mama alichukua udongo kwenye shimo la bibi na bibi akamsogezea maji.

Tanuri lilipofunguliwa tuliona rangi ya asali iking'aa ndani ya majivu. Vilivyopasuka vilikuwa vichache, na hakuna cha mama kati ya hivyo. Vijana waliomcheka mama walivitoa kwa uangalifu, wakavipanga kwenye nyasi. Mzee wa shati la Jumapili aliinua kimoja, akakigeuza, akauliza ni cha nani. Baba, yule mtu wa maneno machache, akajibu kwa sauti iliyofika mpaka darasani kwetu: "Cha mke wangu."

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri. Uji wa shule tuliunywea vikombe vya bandani, vizito kidogo, vya moto hadi funda la mwisho. Zahanati ilinunua mabakuli, na watu walipanda mlima kutoka tambarare kufuata sahani. Bwana Artha alipomaliza muda wake alimkabidhi mama ufunguo wa banda. Kamati ikashauri kazi igawanywe, huyu afinyange, yule abandike, mwingine apake, ili vyombo vitoke vingi. Mama alikataa. Alisema kwamba ndani ya banda lile kila mtu atamaliza chombo chake, na mwenye haraka aende Uingereza. Halafu plastiki ikafika. Ilikuwa nyepesi, ya rangi kali, haivunjiki mtoto akiiangusha. Vijana wakateremka mjini mmoja baada ya mwingine. Mama alibaki na wanawake wanne, na mpaka leo, akiwa amepita miaka themanini, hufungua banda lile siku za Jumanne na Alhamisi.

Mimi niliukimbia udongo. Nilitaka kazi ya mikono misafi, nikasomea uuguzi, nikaja huku kuosha wazee wa Arlington, na huo usafi niliouota naucheka mwenyewe. Kwa miaka zaidi ya ishirini sikugusa bonge. Mpaka mwaka huu Neema, anayeishi Columbia Heights, aliponiletea kikombe kilichopinda kama kofia ya mlevi. Alikuwa amejiunga na darasa la ufinyanzi la Jumamosi. Yaani sisi tulichapwa ili tubebe udongo, watoto wetu hawa wanajiandikisha kwa hiari ili wachafuke, wanavaa na aproni, na wanapiga picha kila tope linapowagusa. Nilicheka. Neema akaniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia kidogo tu, kwamba kama naona ni rahisi niende nikakae mimi.

Nilikwenda. Mwalimu, msichana wa umri wa Neema, alinikalisha mbele ya gurudumu la umeme. Bonge likayumba, likapinda, likanichomoka mbele ya wote. Nilikuwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao mama, na nilijua sasa nilichomwomba siku ile njiani. Nilijipangusa, nikaomba bonge jingine. Jumamosi ya pili ilikuwa vilevile, na ya tatu. Wiki ya nne niliacha gurudumu, nikasimamisha udongo mezani, nikaanza kuuzunguka kinyumenyume, kiganja ndani, kiganja nje. Miguu ilikumbuka kabla yangu. Wanafunzi waliacha kazi zao wakatazama, na Neema akaja akasimama nyuma yangu, akaanza kunifuata hatua kwa hatua.

Chungu kilipochomwa tulimpigia mama simu tukiwa palepale darasani. Huku ilikuwa asubuhi, kwake jioni. Macho yake hayaoni vizuri tena, kwa hiyo aliniambia nisogeze simu na nikigonge kwa kidole. Nikagonga. Akaniambia nigonge tena, chini kidogo.

"Kina ufa," alisema.

Tulikigeuza, tukakipeleka dirishani. Kwa macho yangu sikuona kitu. Neema ndiye aliyeuona, mwembamba kama unywele, karibu na kitako. Nilitaka kusema kwamba ni chungu changu cha kwanza, kwamba kitafaa hata kwa kuwekea maua. Upande wa pili nilimsikia mama akipumua.

Enzi zile angekivunja yeye mwenyewe kwa mwiko, mbele yangu, nami ningelia na kukimbilia kwa bibi, na bibi angenipa kiganja cha makande ninyamaze. Sasa bibi hayupo, na mkono wa mama haufiki Maryland. Alisubiri. Nikakibamiza kwenye ukingo wa pipa la vigae, na sauti ikamfikia.

"Haya," akasema. "Mko wangapi hapo?"

Nikamwambia tuko wawili.

"Basi fanyeni viwili."

Neema hakungoja nimtafsirie. Alikuwa ameshafungua mfuko wa udongo.